Bernadetta na Majibu Manne

Bernadetta alifanya kazi kwenye meza ya minofu katika kiwanda cha sangara, Mwanza. Kila mnofu aliupa daraja kabla haujaingia kwenye barafu. Mwaka ule aliruhusiwa kufanya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu, na usingizi ukampaa. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kuchagua majibu, ya pili insha. Waliokuwa wakichukuliwa kila mwaka walikuwa wachache sana.

Jumapili baada ya misa, kaka yake Rutashobya, mwalimu wa sekondari, alimpa maswali ya mazoezi. Aliposahihisha, alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Dada, majibu yote manne umeyapa madaraja! Hili la kwanza, hili la pili..."

"Si yanazidiana ubora?"

"Hapa si kiwandani. Linatakiwa moja tu, mengine ni ya kutupa."

"Ungesema mapema, kaka. Kutupa nakujua."

Akavuta karatasi nyingine. Sasa alianza na majibu yaliyooza waziwazi, akayakata, kisha yenye kasoro ndogo, mpaka likabaki moja. Rutashobya alisahihisha akiweka alama za vema tupu, halafu akamwongezea chai bila kuombwa.

Kwenye mtihani wenyewe aliyakata majibu vivyo hivyo.

Majina yalipotoka gazetini, Bernadetta alikimbia na mabuti yake ya kiwandani mpaka shuleni kwa kaka yake, akachungulia dirishani katikati ya kipindi.

"Mwalimu, samahani," alisema akihema. "Wamenichukua."

Darasa zima likapiga makofi kabla Rutashobya hajaiweka chaki.