Tumba la Dungusi

Ukitaka kumuudhi fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mwagia maji madungusi yake. Kibaraza chake kimejaa mimea ya jangwani, kwenye makopo ya rangi na sufuria zilizotoboka, na kila mteja anayekuja kupimwa gauni lazima aionee huruma: masikini, imekauka, si uitilie maji? Fundi amechoka kueleza kwamba mimea ile haimlilii mtu maji. Ukiizidishia, inaoza.

Dungusi kubwa alilipanda mwaka alioolewa. Miaka kumi na mmoja halikutoa kitu, mpaka mume akalibandika jina la mgeni asiyeaga. Mwaka huu likatoa tumba, moja tu. Kila asubuhi fundi alilichungulia kabla hata ya kunawa uso.

Halafu dada yake akalazwa, ikabidi aende kumuuguza siku tano. Kabla ya kutoka alimkalisha chini mama mkwe wake, anayeishi nao, akamwomba asiliguse, hata kwa tone la maji. Mama mkwe akaitikia upesi mno, na hapo ndipo fundi alipotakiwa kushtuka.

Aliporudi hakuvua hata viatu. Udongo ulikuwa tope tupu. Akabonyeza shina, kidole kikazama, na tumba alilikuta sakafuni. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, kikombe cha maji kando yake.

"Mama, nilikuomba nini?"

"Uliniomba nisiliguse, mwanangu."

Fundi alimeza maneno aliyokuwa nayo, maana mengine hayasemwi kwa mama wa mumeo. Akachukua kisu, akakata sehemu iliyooza, akakilaza kivulini kipande kilichobaki, jeraha likauke wiki mbili ndipo kipandwe upya. Kazi yote aliifanya kwa kubamiza vitu. Kazi ya miaka yote ile, na sasa anaanza na kipande kisichozidi kiganja!

Mama mkwe akauliza taratibu kama hicho nacho kitatoa ua. Fundi, uso kaukunja, akamjibu kwamba kitatoa, baada ya miaka mingine kumi na mmoja.

Mama mkwe akatazama mikono yake.

"Mimi hiyo miaka sina," akasema. "Ndiyo maana nikawa naliharakisha."

Fundi akabaki na kisu mkononi. Hasira ilikuwepo vilevile, ila hakujua tena aimalizie kwa nani.