Mwonjaji wa Bahari

Juzi, kwenye duka la samaki wa mapambo, niliona kijiti cha kioo chenye namba kikielea ndani ya ndoo, mawazo yakanirudisha moja kwa moja utotoni, sebuleni kwetu mtaa wa Muaither.

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, kando ya tangi jipya la kioo, akikoroga chumvi kwenye ndoo kubwa kwa mwiko wa ugali. Kiyoyozi kilinguruma. Chumba kizima kilinuka plastiki mpya.

"Hapa Doha maji ya bomba ni bahari iliyotolewa chumvi," aliniambia. "Sisi tunairudisha. Tukikosea, samaki watakufa. Onja."

Nilichovya kidole, nikakiramba kwa uzito wa hakimu. "Bado, Baba. Ongeza."

Alitumbukiza kijiti chake cha kioo chenye namba, akakikodolea macho, akaongeza kikombe kimoja. Mama alikuwa muuguzi, kwa hiyo nilijua fika kijiti kile kilikuwa cha nini: Baba alikuwa anapima kama maji yana homa. Chumvi ilikuwa kazi yangu.

"Baba Neema, unamnywesha mtoto maji ya samaki?" Mama alifoka kutoka jikoni.

"Anaonja tu. Bila yeye tutaua samaki."

Nikaonja tena. "Hapo hapo!" Baba akachungulia kijiti, akatabasamu, akaweka mwiko chini.

Juzi dukani, muuzaji aliponieleza kuwa kijiti kile hupima chumvi, nilicheka hadi akashangaa. Nilikinunua. Nyumbani nilikoroga maji ya tangi langu la kwanza, nikaonja, nikasema "Hapo hapo," ndipo nikakitumbukiza.

Kilikubaliana nami.