Lita ya Fabiola

Docteur Firmin alikuwa amemfika Émérance hapa, kooni. Wiki nzima wanagombania karatasi moja ya kuharisha! Émérance, mwandishi wa matangazo ya afya hapa Uvira, anaandika: "Mtoto akiharisha, mpe maji yenye dawa ya pakiti." Docteur anafuta, anarudisha "solution de réhydratation orale". Jamani, nani anaharisha kwa Kifaransa?

"Docteur, dada yangu Fabiola kule Kalundu hawezi kuelewa hiyo," alimwambia. "Tuandike pakiti moja, maji lita moja, basi. Na yeye ataelewa, naapa."

Docteur akachoka, akakubali. Karatasi zikabandikwa kila mtaa, na Émérance akatembea kifua mbele.

Jumapili akapita kwa Fabiola. Akamkuta na mwanawe mdogo, Espoir, anaharisha tangu asubuhi. Macho yamezama, anasukuma kikombe, analilia maji matupu.

"Umemupa nini?"

"Ile dawa ya karatasi yako. Anakataa."

Émérance akaonja. Chumvi tupu! "Weye Fabiola! Maji umetia kiasi gani?"

"Lita moja." Fabiola akainua chupa kubwa ya bia, ile anayopimia mafuta ya mawese sokoni.

"Hiyo haifike lita!"

"Haifike namna gani? Mawese nauzisha lita kwa hii, tangu zamani. Weye umeandika lita. Minye niko na lita gani ingine humu ndani?"

Émérance akaichukua ile chupa mkononi mwake. Alitaka kulia kwa hasira. Akamwaga ile ya chumvi, akachanganya pakiti mpya kwenye sufuria: chupa moja ya maji, na nyingine isiyofika nusu. Wakambeba mtoto hadi kituo cha afya, wakimnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima. Jioni Espoir akashika kikombe mwenyewe, na hapo ndipo Émérance akakaa chini.

Kesho yake alisimama mbele ya meza ya docteur.

"Tuchape upya. Karatasi zote zitolewe. Tuchore chupa mbili za bia, moja imejaa, nyingine haifike nusu."

"Sasa iko nini tena? Si uliniapia dada yako ataelewa?"

"Ameelewa, docteur. Kila neno. Minye ndiye niliandika bila kuingia jikoni kwake."