Udongo wa Ukuta wa Bibi

Juzi mteja aliingia kwenye kibanda changu hapa Bariadi, akaiangalia picha ya kanga wawili, akauliza swali ambalo wateja wa siku hizi wanalipenda: "Dada, hakuna mnyama aliyeuawa kwa ajili ya hii?" Nikamwambia hakuna. Manyoya yameokotwa, gundi ni utomvu wa mgunga, mawingu ni pamba, wekundu ni udongo. Akafurahi. Akataka nyingine, kubwa ya kujaza ukuta wa sebule, na wekundu uwe huohuo. Nikaipokea kazi huku nakitupia jicho kiroba cha udongo ule, maana kilikuwa kimebaki robo, na kikiisha hakuna kingine.

Acha nikueleze ulikotoka, rafiki yangu.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kule Mwandoya. Pamba ikishauzwa na masalia yakishang'olewa na kuchomwa, alikuwa na kazi yake nyingine: kukandika upya ukuta wa mbele wa nyumba na kuuchora. Uani kote kulinuka kinyesi cha ng'ombe tulichochanganya na udongo. Mimi nilitumwa kwenye kichuguu nyuma ya zizi kuchimba udongo mwekundu, kisha mtoni kuleta mweupe. Mweusi ulikuwa wa mbugani, tele, unang'ang'ania miguuni. Tulikanda huku tunatafuna matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kuanika, na jioni taya ziliuma kuliko miguu!

Alichora ng'ombe. Kila mwaka ng'ombe, na nundu zao alizibandika pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili. Macho yalikuwa mbegu za ukwaju. Juu yao alipanga ndege wa manyoya ya kanga tuliyookota njiani. Kuokota tu! Siku moja jirani alileta bawa zima, bado lina damu, akijua amemfurahisha. Bibi akamrudishia palepale. "Huyu amekufa kwa ajili ya ukuta wangu? Hebu mpeleke jikoni kwenu. Manyoya yaliyoanguka nayataka. Yaliyo mwilini yana mwenyewe." Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na jioni akatuletea mchuzi. Bibi aliula vizuri tu.

Halafu mvua zilikuja, na ng'ombe wakaanza kuyeyuka, miguu kwanza. Jamani, nililia kila mwaka kama nimefiwa. Bibi alisimama mlangoni na kikombe chake cha uji, anatazama maji mekundu yakipita uani. "Ng'wanone, mwanangu, unalilia nini? Tulichora, tukaona. Mwakani tutachora tena." Mimi nilimwona hana huruma.

Mwaka aliofariki alikuwa ameshachora. Baba mdogo akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, haki yake, na ile ya zamani ikawa ya kubomolewa. Nikapanda basi kwenda kuuokoa ukuta. Eti niukate kipande niondoke nacho! Nilipogusisha panga tu, ng'ombe wa kwanza alimwagika miguuni pangu. Nikalia kwa sauti. Baba mdogo akaenda akaleta koleo na kiroba. "Basi beba udongo wake," akasema. Na kile kichuguu kilikuwa kimeshasawazishwa, pamekuwa shamba la alizeti.

Tangu hapo nachota udongo ule kwa kijiko, kwa ubahili kabisa. Nikienda Mwandoya siku hizi naona kuta safi zilizopakwa rangi ya kopo, zinadumu, mvua inazipita tu. Wala sizilaumu. Ila sijaona mtoto anayekanda udongo uani, na harufu ile sijaisikia tena.

Jana asubuhi nilitandika kitambaa kikubwa cha amerikani sakafuni, nikakaa na kiroba mapajani muda mrefu. Nilitaka kumpigia mteja nimwambie haiwezekani. Uji wangu ulikuwa pembeni kwenye kikombe. Nikakitazama, nikacheka peke yangu, kisha nikamwaga udongo wote kwenye beseni.

Nimechora kanga aliowataka mteja, na nyuma yao, bila kuagizwa, ng'ombe mmoja mwenye nundu ya pamba. Nilipomaliza nilikikung'uta kiroba mlangoni. Vumbi jekundu likatua miguuni pangu, na sikunawa mpaka usiku.