Binti wa Mashoto

Mume wangu ni fundi makochi. Ukipita karakanani kwake utamkuta amepiga magoti mbele ya fremu, misumari midogo ameibana midomoni, anaitoa mmoja mmoja na kuipigilia. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kugombana na mkewe, na nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu zinazomfanya aipende kazi yake.

Zamani walikuwa wawili, yeye na pacha wake, shilingi kwa ya pili. Siku za mwanzo za uchumba nilikuwa nasubiri kwanza mmoja ashike nyundo ndipo nijue nasalimiana na nani, maana mwenzake alitumia mkono wa kushoto. Watu wakamwita Mashoto. Walikuwa wakifunika kochi moja kwa pamoja, kila mtu na upande wake, wakikivuta kitambaa mpaka wakutane katikati bila kusemezana. Mashoto ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na ndiye aliyetangulia kuondoka. Ni miaka mingi sasa. Figo zilimsumbua, akafariki hajaoa. Baada ya mazishi mume wangu alifuga ndevu, kwa sababu mama yao alikuwa akishtuka kila anapomwona akiingia mlangoni. Tangu hapo neno pacha likapotea nyumbani kwetu. Hatukukatazana kulitaja, ila hakuna aliyelitaja.

Mwaka jana akaja binti mmoja, mwalimu wa chekechea. Alikaa pembeni ya kochi ambalo bado halijavishwa kitambaa, akatueleza kwamba mama yake, kabla ya kufa, alimwambia baba yake ni fundi makochi aliyeitwa Mashoto, na kwamba Mashoto mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Hakuja kudai urithi. Angedai nini, mkasi wa kukatia sponji? Alitaka tu kujua ametoka kwa nani. Alisema anapowafundisha watoto kuchora familia zao ubaoni, akifika kwake mwenyewe chaki humgandia mkononi.

Mume wangu alimtazama sana. Nikasema mimi: siku hizi kuna kipimo cha DNA, ya nini kukisia? Naam, wazo lilikuwa langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Maabara ilikuwa chumba kidogo cheupe chenye viti vya plastiki, ambavyo mume wangu alivikagua miguu na kuvidharau. Dada mwenye koti jeupe aliwasugua yeye na binti ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba. Akauliza uhusiano wao. Mume wangu akasema yeye ni baba mdogo, na kwamba baba mtu ameshafariki. Basi. La upacha halikutajwa. Mtaani kwetu kila mtu alilijua, kwa hiyo hatukuwa na mazoea ya kumweleza mtu.

Tulipoitwa kuchukua majibu, dada yule alizungumza taratibu huku akitazama meza.

"Huyu si baba mdogo," alisema. "Vipimo vinaonyesha ndiye baba mzazi."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia mume wangu shingoni. Alikuja kutafuta kaburi, amepata mtu. Mume wangu alipigwa na butwaa. Nami nikakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla binti huyo hajazaliwa nilikuwa kwetu kwa miezi mingi, namuuguza mama yangu. Paka akiondoka, panya hutawala. Moyo uliniuma, sifichi, na juu ya maumivu nikawa na hasira.

Nyumbani aliapa kwamba hakumjua mama wa yule binti, na kwamba mtoto ni wa kaka yake. Nikamwambia mashine haina ugomvi naye hata imsingizie. Akajibu kwamba hata yeye haelewi. Kwa siku kadhaa nilimwandalia chakula nisikae naye, na kila tulichotaka kuambiana tuliwatuma watoto.

Mwishowe nikajifunga kibwebwe, nikarudi maabara peke yangu. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu kwamba hakuna kosa, nijue kama nabaki kwenye ndoa ile au nafunga mizigo. Nikamweleza dada yule kwamba mume wangu anakana, anamtupia marehemu, na kumtupia lawama pacha wake aliyekwisha kuzikwa ni kukosa haya. Akaweka kalamu chini.

"Pacha wa kufanana?"

"Hata mama yao alikuwa anawachanganya."

Alishusha pumzi. Akanieleza kwamba kwa vipimo vyao pacha wa namna hiyo ni kama mtu mmoja, na mtoto wa huyu huonekana wa yule. Angejua mapema angetuonya. Kwamba binti ni damu ya mmoja wao, hilo halina shaka; ni yupi kati yao, kipimo hakijui. Nikamuuliza nani basi anajua. Akanijibu bila ubaya wowote, "Hilo, mama, mtaulizana nyumbani."

Mama wa binti alimtaja Mashoto, lakini pacha wale hata mimi niliwachanganya. Kwa hiyo nilitoka maabara nikiwa na neno la mume wangu tu, lile lile nililokuwa nimelikataa.

Jumapili tulimwita binti, mume wangu akamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kumbembeleza. "Kama mashine imeshindwa kuchagua, chagua wewe. Kubali tu uwe baba. Mimi nimechoka kuwa na baba kaburini."

Mume wangu aliushika mkono wake.

"Mwanangu," akasema, "kaka yangu hakuoa wala hakujenga. Hata makochi aliyotengeneza watu wameshayatupa. Alichoacha duniani ni wewe peke yako, na hakujua. Nikikubali, nitakuwa nimemnyang'anya."

Akalia. Siku ya mazishi hakulia, maana alikuwa amemshikilia mama yake asianguke.

Najua, mwongo naye angesema vivyo hivyo, sikuzaliwa jana. Wawili waliokuwa na ukweli wote wako ardhini. Nikamtazama mtu huyu niliyelala naye ubavu kwa ubavu miaka yote hii, nikaona kwamba nisipomwamini leo, sitamwamini tena kwa jambo lolote.

Binti alijifuta machozi, akanigeukia. "Na wewe," aliniuliza kwa adabu, "nikuite nani?"

Majibu yalikuwa mawili tu, na sote watatu tuliyajua. Mke wa baba yake angekuwa mama wa kambo. Mume wangu aliinamisha kichwa, akasubiri.

"Mimi ni mama yako mdogo," nikamwambia. "Sogea huku."