Sauti za Kibondo Zilipohamia Kasulu

Redio yetu ya Kasulu ilipounganishwa na ile ndogo ya Kibondo, wengi tulifikiria viti, meza na nani atabaki na kazi. Aliyefikiria sauti alikuwa mmoja tu, fundi wetu wa kompyuta.

Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Wazazi wake waliingia nchini kutoka Burundi kama wakimbizi, wakapata uraia, na mpaka leo wanalima maharage upande wa Rungwe Mpya. Yeye alisomea kompyuta chuoni, akarudi Kasulu kwa kupenda mwenyewe. Mimi nilikuwa mtayarishaji wa vipindi, na ofisi yangu ilipakana na chumba chenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kila tulichorekodi.

Kibondo nao walikuwa na seva yao, imechakaa, na nyumba waliyopanga ilitakiwa kurudishwa kwa mwenyewe. Bosi wetu akatuita akaeleza mpango wake. Yaliyomo Kibondo yaletwe kwa mtandao, yaingie kwenye folda zetu zilezile, na pale majina yatakapofanana, la Kibondo likae mahali pa la kwetu. Aliona kwamba jina likifanana, basi kitu ni kilekile. Hata mimi niliona hivyo, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza chakula cha mchana.

Fundi akaomba apewe mchana ule afanye jaribio kwanza. Alitueleza kwamba kuna namna ya kuiagiza seva iseme tu ingefanya nini, bila kugusa chochote. Bosi akakubali.

Jioni, kabla hatujatoka, alituita kwenye chumba cha seva. Majina yaliyofanana yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani, kwa sababu wafanyakazi wa vituo vyote viwili walifundishwa na mwalimu mmoja na wote walishika mtindo wake wa kuita faili kwa aina ya msemaji na zamu yake. Kwetu kulikuwa na faili la "mama wa kwanza", na Kibondo kulikuwa na "mama wa kwanza". Akalifungua la kwetu. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa hapa Kasulu akieleza namna ya kukausha mihogo isioze wakati wa mvua. Akafungua la Kibondo. Bibi wa Nyabibuye, kule karibu na mpaka, alikuwa anasimulia kwa Kiha jinsi alivyowapokea nyumbani kwake watu waliovuka na watoto mgongoni, na jinsi alivyowapikia maharage usiku kucha bila kuwauliza majina.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Bosi, ambaye mama yake ni mtu wa upande huohuo, akamuuliza fundi yeye anaonaje.

"Sijui lipi lina thamani kuliko lingine, bosi," alijibu. "Ndiyo maana sitaki mashine ichague."

Bosi akamwambia afanye anavyoona inafaa, mradi nyumba ya watu irudishwe kwa wakati.

Tukaenda Kibondo wawili, mimi na yeye. Huko tulipokelewa na mtangazaji wao wa siku nyingi, mama wa makamo aliyezoeleka na wasikilizaji kama ndugu. Alitusalimia vizuri na kutuletea chai, lakini alikaa mbali na seva kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Nilijua anachohofia. Karibu kazi yake yote ilikuwa ndani ya mtambo ule, na sisi tulikuwa wageni tuliokuja kuuzima.

Fundi aliliona hilo kabla yangu. Alivuta kiti, akamkaribisha mama akae karibu naye, na kila alichotaka kufanya alimweleza kwanza. Faili ambalo Kasulu halipo litaingia kama lilivyo. Ambalo jina lake lipo tayari litaongezewa neno "Kibondo" mwishoni, ili yote mawili yabaki. Hakuna litakaloondoa jingine. Mama akauliza kama ana hakika. Fundi hakuapa. Alimwonyesha kwa faili moja, kisha jingine, mpaka mama mwenyewe akaanza kumchagulia ya kujaribu.

Uhamishaji ulianza asubuhi na mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mchana umeme ukakatika kila kitu kikiwa katikati. Nilishika kichwa. Kwa akili yangu tulikuwa tumepata hasara, au tutaanza upya. Fundi alifunga laptop yake taratibu, akasema twende tukale.

Tukiwa kwenye wali na maharage alinieleza kwamba alilitegemea jambo hilo. Faili lililofika nusu alikuwa amepanga libaki na jina la muda, ili seva isije ikaliona na kudhani limekamilika, ikaliruka. Umeme ukirudi, yaliyofika salama yangeachwa yalivyo na kazi ingeendelea kwa yaliyobaki. Na ikawa hivyo. Nilimtazama akiandika amri ileile aliyoandika asubuhi, bila haraka, nikajiona nina bahati kufanya kazi na mtu wa namna ile.

Yote yalipofika hakuzima seva ya Kibondo. Aliagiza mashine zote mbili zilinganishe kila faili, siyo jina tu bali na kilichomo. Machache yalikuwa na kasoro, akayaleta upya, akalinganisha tena. Hapo ndipo alipomgeukia yule mama.

"Mama, sasa naomba ruhusa yako tuzime."

Mama alisimama, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Alihamia Kasulu na sisi, na kwa majuma kadhaa yeye na fundi walikaa pamoja kila asubuhi wakisikiliza yale mafaili yaliyofanana majina, wakiyapa majina yanayoeleweka: nani anasema, yuko wapi, anazungumzia nini. Nikipita mlangoni nilisikia kwaya, nikasikia wafuga nyuki, nikasikia vicheko vyao wenyewe. Siku moja mama alinisimamisha ili nisikie sauti yake ya zamani, nyembamba, ikitangaza mvua ya mawe.

Baadaye fundi alipata kazi Kakonko. Kabla ya kuondoka aliniketisha mbele ya seva akanifundisha ninachohitaji kujua, akaanza na lile jaribio lisilogusa kitu. Alinifanya nilirudie mpaka mkono ukazoea. Bosi alimwandalia chai ya kumuaga, na mtangazaji wa Kibondo aliomba amrekodi akizungumza machache. Fundi aliona haya, akasema hana la maana la kusema, lakini mwishoni alikubali. Alizungumza kuhusu shamba la wazazi wake.