Mwaka wa Babu Kwenye Saruji Mbichi

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile tulipojenga kaburi la babu hapa Kilosa. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, umri ambao mtu hujibu swali kabla hajalielewa.

Babu, mtu wa reli maisha yake yote, alifariki mwaka 1999. Kaburi la bibi, pale pembeni, liliandikwa mwaka wake wa kufariki kwa namba za Kirumi, na shangazi alitaka wazazi wake walale wakifanana. Ndugu walishafika kutoka Kidodi. Fundi alisawazisha saruji, na msumari wa kuandikia nikakabidhiwa mimi, msomi wa ukoo.

"MIM," nikatangaza. "Elfu, kisha elfu pungufu moja. Fupi na safi."

Shangazi hakuzijua namba za Kirumi, ila mimi alinijua vizuri. "Una hakika, au jua limekuchosha?"

"Nadhani, shangazi..."

"Nadhani ndiyo nini? Hapo hapafutiki. Hakikisha kwanza."

"Mama, saruji hainisubiri," fundi akalalamika.

"Ikikauka utaivunja, uanze upya. Wali wa wageni nao utasubiri."

Nikachuchumaa kwenye kaburi la bibi. MCMLXXX, yaani 1980: M elfu, CM mia tisa, LXXX themanini. Kila sehemu ilikuwa imeandikwa peke yake, hakuna iliyorukwa. Hapo nikakumbuka tulivyofundishwa shuleni, kwamba I hupunguza V na X tu. Haina ubavu wa kupunguza M. Nikaokota kijiti, nikaandika mchangani: elfu, M. Mia tisa, CM. Tisini, XC. Tisa, IX.

"MCMXCIX," nikasoma.

Fundi akacheka. "Msomi, huo ni mwaka au namba ya gari?"

"Ni mwaka wa baba yangu," shangazi akasema. "Andika."

Nikaandika, saruji ikianza kukaza. Umekaa sawa mpaka leo. Nimeukagua mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye akili timamu.

Mwanangu, ukikabidhiwa kazi isiyofutika, usione aibu kusema subirini. Namba ikikuzidi, igawe: maelfu, mamia, makumi, mamoja, uandike kila sehemu kwa zamu yake. Wanaokuharakisha wataondoka wakishakula. Wewe ndiye utakayerudi kusoma ulichoandika. Mungu akupe mkono mtulivu, na akuwekee karibu shangazi asiyeridhika na "nadhani".